Uzi: Braunstein ya 1969, mchezo wa vita wenye wahusika. Namna ya kuuandaa na kuusimamia mezani

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, heshima mbele. Nafungua uzi huu kwa ajili ya Braunstein, mchezo ambao kila anayecheza michezo ya wahusika (ile ambayo kila mchezaji anaigiza mtu mmoja) anakula matunda yake hata kama jina lake hajawahi kulisikia.

Kwa wageni, kwa ufupi. Mwaka 1969, Minnesota, Marekani, kwenye miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely alikuwa refa wa kikundi cha wapenzi wa vita vya enzi ya Napoleon. Walizoea pande mbili, vinyago vya askari mezani, kanuni na dadu. Safari hiyo akaweka mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, majeshi yakiwa njiani kuuendea. Waliozidi idadi ya makamanda akawapa nafasi za watu wa mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake. Wakajitokeza watu karibu 20. Wakaanza kumvuta refa pembeni mmoja mmoja, wakapanga njama ambazo hakuwa amezitungia kanuni. Wawili wakataka kumaliza ugomvi wao kwa pambano la ana kwa ana, ikabidi atunge namna ya kuliamua palepale. Majeshi hayakupigana kabisa. Wesely aliondoka akiamini mchezo umeharibika, kumbe wachezaji wanautaka tena.

Michezo miwili iliyofuata aliibana mno, ikapwaya. Wa nne ndio uliosimama: jamhuri ya kubuni ya Amerika ya Kilatini iitwayo Piedras Morenas. Dave Arneson alicheza kiongozi wa wanafunzi wanamapinduzi, akawaaminisha wenzake kwa kitambulisho bandia kwamba ni mtu wa CIA. Wesely alipoitwa jeshini mwaka 1970, wenzake waliendeleza. Duane Jenkins akaendesha mji wa wachunga ng'ombe wa Texas, Brownstone. Arneson akaanzisha Blackmoor, mchezo wake mwenyewe wa aina hii, mwaka 1971, na kutoka hapo, akiwa na Gary Gygax, ikatoka Dungeons & Dragons, mchezo wa wahusika unaojulikana zaidi, mwaka 1974. (Braunstein, Brownstone, Piedras Morenas: lugha tatu, jina lilelile la jiwe la kahawia.)

Historia naiachia hapo. Ninachotaka tujadili ni uendeshaji, kwa sababu mchezo huu haukuwa na kitabu cha kanuni cha kununua dukani. Ulikaa kwenye karatasi za wahusika na kichwani mwa refa. Msimamo wangu ni huu: Braunstein inasimama juu ya taarifa zilizogawanywa. Kila mchezaji ana kipande kimoja cha habari, na njia pekee ya kupata vingine ni kuongea, kununua, kuiba au kutuma mtu. Ukiwapa wote ramani ileile na habari zilezile, umerudi kwenye mchezo wa vita wa kawaida, na yule meya wako atakaa akipiga miayo.

#2 Kete Saba

Umefungua vizuri, mkuu. Naongeza mzizi mmoja tu kwa sababu unagusa uendeshaji moja kwa moja.

Wesely alikikuta kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota kitabu cha mwaka 1880 kiitwacho Strategos, cha Charles Totten, ofisa wa jeshi la Marekani. Mle ndani refa ana mamlaka kamili, na mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata lisiloandikwa, mradi refa apime uwezekano wake. Totten naye alikuwa anafuata njia ya Waprusi (watu wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani): Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita, ya Luteni Reisswitz, Berlin, 1824.

Ule wa Waprusi ulikuwa na mambo manne ambayo bado ndiyo uti wa mgongo. Ramani ya vipimo 1:8000 badala ya meza ya mchanga. Hatua moja ya mchezo ni dakika 2 za vita. Amri zinaandikwa, hazisemwi. Na refa anaweka mezani vile tu ambavyo mchezaji angeviona kweli kutoka aliposimama. Von Müffling, mnadhimu mkuu wa jeshi la Prussia wakati huo, alipouona alisifu kuwa haya ni mafunzo ya vita, na ukapelekwa kwenye rejimenti.

Anayesema uhusika uliletwa na mazimwi na wachawi wa Dungeons & Dragons, aangalie tena. Ofisa wa Kiprusi aliyesubiri tarishi wake huku hajui kama daraja limeshachukuliwa alikuwa tayari ndani ya uhusika. Wesely alichofanya ni kumpa meya haki ileile aliyokuwa nayo jenerali.

#3 binti_Pangani

Niingie kwenye karatasi za wahusika, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika wasifu wa kurasa mbili: alizaliwa wapi, anapenda nini. Hauchezeki huo. Robo ya karatasi ya A4 inatosha, yenye sehemu nne: wewe nani, unamiliki nini, unajua nini, unataka nini.

Mfano, Braunstein ya enzi ya Napoleon:

*MWENYE BENKI. Unamiliki: fedha 4,000 ghalani, gari moja la farasi wawili, funguo mbili (ya pili hujui iko kwa nani). Unajua: meya amekopa 900 na hajaandika popote. Unajua: mlango wa mto nyuma ya kanisa haufungwi usiku. Unataka: (a) fedha zisiangukie mikononi mwa jeshi lolote, pointi 5; (b) meya alipe au aondolewe, pointi 3; (c) binti yako atoke mjini kabla ya mizinga kulia, pointi 4.*

Angalieni kilichomo. Gari ni moja, lakini haja ya (a) na ya (c) zote zinalitaka. Mlango wa mto ni habari ambayo kamanda yeyote ataitafuta kwa udi na uvumba, kwa hiyo mwenye benki ana kitu cha kuuza. Funguo ya pili mpe mtu mwingine, tuseme mwanafunzi wa chuo.

Kabla ya kugawa karatasi, chora jedwali: majina ya wahusika juu, majina yaleyale pembeni. Kila haja ya A inayogongana na ya B, weka alama ya X. Kila habari ya A ambayo B anaihitaji, weka duara. Mhusika mwenye chini ya X mbili na maduara mawili atakaa bila kazi. Mwongezee au mfute. Kwa watu 10, jedwali hili linakula jioni nzima, na hakuna njia ya mkato.

Pointi nazo zisipishane sana. Mwenye jumla ya 12 akae na mwenye 10 hadi 14. Ukimpa jenerali 30 kwa kuteka mji na mwalimu 6 kwa kuokoa vitabu, umeshawaambia nani ni mtu na nani ni pambo.

#4 Mkufunzi wa Mipaka

Dada amemaliza upande wa mji. Mimi nishike upande wa jeshi, kwa sababu mji bila shinikizo la majeshi unakuwa baraza la kahawa.

Ramani ziwe mbili. Ya eneo zima iwe 1:8000 kama ya Waprusi, ambapo sentimita 1 ni mita 80. Karatasi ya A1 (84 kwa 59) inakupa takriban kilomita 6.7 kwa 4.7, inatosha kabisa. Ya mji iwe 1:1000 kwenye A2, yaani mita 594 kwa 420. Ya eneo anaishika refa peke yake. Makamanda wapewe nakala zilizochorwa kwa mkono, zenye makosa mawili matatu ya makusudi: kijito kilichosahaulika, njia iliyopinda kuliko ilivyo.

Vipande: njiti za kiberiti zilizokatwa, zikapakwa nyekundu na bluu. Batalioni ya watu 600 kwenye safu tatu ina upana wa mita 115 hivi, kwa hiyo kata milimita 15. Kikosi cha farasi 120 kwenye safu mbili ni kama mita 60, kata milimita 7 au 8. Betri ya mizinga 8 ikiachiana nafasi nayo inafika mita 115 au 120, tena milimita 15.

Mwendo kwa hatua ya dakika 2:

– Askari wa miguu barabarani, mita 150, karibu milimita 19.
– Farasi kwa mwendo wa kutembea, mita 200, milimita 25.
– Farasi kwa shoti ya kawaida, mita 440, milimita 55.
– Tarishi anayebadilisha mwendo, wastani wa mita 500, milimita 62.

Kosa la kwanza ninaloliona kila mahali ni kusahau urefu wa msafara. Batalioni ile ya mita 115 ikiingia barabarani watu wanne wanne, inakuwa mkia wa mita 200 hivi. Kichwa kikifika darajani, mkia uko nyuma kwa karibu dakika 3. Kwa batalioni nne na mizinga yake, mkia unafika robo saa au zaidi nyuma. Kamanda akisema "nimefika mjini", refa amwambie waliofika ni wangapi.

La pili ni barua. Kilomita 4 kwa tarishi ni hatua 8. Ongeza hatua 2 za kuandika na hatua 2 za kusoma na kupaza amri. Jumla 12, dakika 24 za vita. Amri inayofika inazungumzia hali ya nusu saa iliyopita, na hilo ndilo linalomfanya kamanda aanze kumtafuta meya, mchungaji, au mwenye nyumba ya wageni ili ajue hali ya sasa.

#5 Mwanagati

Wakuu, nauliza kama mtu anayejiandaa. Nina watu 12 walio tayari na refa mmoja, muda saa nne. Inatosha?

#6 Mzee wa Ramani

Haitatosha, ndugu yangu, na tatizo si watu 12 bali refa mmoja. Ugonjwa uliomkuta Wesely siku ya kwanza ndio ugonjwa wa Braunstein zote: foleni. Mchezaji anamhitaji refa kwa dakika 3. Watu 12 mara 3 ni dakika 36 kwa mzunguko mmoja. Wa mwisho kwenye foleni amesubiri nusu saa, na aliyezungumza kwanza ameshabadili mawazo.

Refa mmoja abebe wachezaji 5 au 6, basi. Kwa 12 weka marefa watatu: mmoja wa mji, mmoja wa ramani ya jeshi, na refa mkuu ambaye hachukui maombi ya mchezaji yeyote. Kazi ya mkuu ni kutembea kati ya wale wawili na kutunza saa.

Saa yenyewe iendeshwe hivi. Dakika 10 za ukutani ni saa moja mjini. Dakika 6 za kwanza wachezaji wanaongea na kuandika. Kengele ikilia, karatasi zote zinakusanywa. Dakika 4 marefa wanaamua na kurudisha majibu. Hakuna anayemfuata refa nje ya utaratibu huo isipokuwa kwa jambo la kufa au kupona. Majeshi yakikaribia kugusana, punguza: dakika 10 ziwe robo saa ya mchezo. Yakigusana, shuka kwenye hatua za dakika 2, na wa mjini waendelee kuandika karatasi kila baada ya hatua tano.

Amri ziandikwe kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, kile cha madukani. Nakala ya juu kwa refa, ya chini inabaki kwa mchezaji. Kila amri iwe na saa, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, na isizidi maneno 25. Ubishi wa "mimi sikusema hivyo" unakufa siku hiyohiyo.

#7 Kete Saba

Kuhusu kutumia kikundi cha WhatsApp badala ya karatasi: kinafaa, lakini refa awe katikati. Kamanda amtumie refa, refa ashikilie ujumbe hadi zile hatua 12 zipite, kisha ampelekee mlengwa. Mkiruhusu makamanda kutumiana moja kwa moja, mmewapa simu ya upepo mwaka 1806 na hesabu yote ya Mkufunzi hapo juu haina kazi tena.

#8 Shekhe wa Dadu

Mimi nina hoja tofauti kidogo na wenzangu. Mnamwamini refa mno. Reisswitz alikuwa na dadu tano za pekee, kila moja na uwiano wake wa nguvu, kuanzia sawa kwa sawa hadi 4 kwa 1, na majedwali ya hasara. Jedwali halijali cheo cha mchezaji. Kwenye mchezo wa marafiki, refa huwa anampendelea mwenye mdomo mtamu bila kujijua.

#9 Mkufunzi wa Mipaka

Hoja ina uzito, mkuu, na Waprusi wenyewe waliibishania. Kufikia 1876 ofisa wao Verdy du Vernois alipendekeza majedwali yawekwe pembeni na refa mzoefu aamue kwa uelewa wake, kwa sababu kutafuta namba kulikuwa kunaua mwendo wa mchezo. Wengine walihofia hilohilo unalolihofia wewe.

Njia ya kati inayofanya kazi: dadu mbili za kawaida, na refa atamke namba kabla ya kurusha. Jambo jepesi ni 5 na zaidi, uwezekano wa 83%. La wastani 7 na zaidi, 58%. Gumu 9 na zaidi, 28%. La kubahatisha 11 na zaidi, 8%. Mchezaji aeleze kwanza anafanyaje, refa aseme namba na sababu moja ("usiku, lakini lango linalindwa na mtu mmoja tu: 7"), mchezaji apewe nafasi ya kughairi, ndipo dadu irushwe mbele ya macho yake. Upendeleo unajificha pale namba inapotajwa baada ya dadu kutua.

Pambano la watu wawili, kama lile lililomshtua Wesely: kila mmoja aandike kwa siri *shambulia*, *jilinde*, au *kimbia*. Wote wakishambulia, kila mmoja anarusha, mwenye 9 anajeruhi. Aliyejilinda anaumia kwa 11 tu. Anayekimbia anaokoka ila kila aliyekuwepo anajua. Dakika 2 imekwisha, na mji umepata habari ya kuzungumza.

Anayekufa asirudishwe nyumbani. Weka bahasha za akiba tatu au nne: daktari wa jeshi, mjane wa marehemu, mkaguzi kutoka mji mkuu. Mjane hasa ni mzuri, anarithi mali na madeni yote.

#10 binti_Pangani

Kwa wanaouliza mandhari ya karibu nasi: Tanga, Novemba 1914. Haihitaji kubuni mengi. Mji wa bandari, bandari yenye makubaliano ya kutopigana, jeshi kubwa la Waingereza baharini, na jeshi dogo la Wajerumani linalokuja kwa treni kutoka Moshi. Asubuhi ya tarehe 2 manowari HMS Fox iliingia, Kapteni Caulfeild wa Uingereza akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dk. Auracher, akamtangazia kwamba makubaliano yamekwisha, akampa saa moja asalimishe mji. Gavana wa Kijerumani, Schnee, hakutaka mji upigwe mabomu, kamanda wa jeshi lao, Lettow-Vorbeck, alitaka kupigana. Auracher yuko katikati, na saa inakwenda. Hiyo ni karatasi ya mhusika iliyojiandika yenyewe.

Wahusika 10: Auracher, Caulfeild, Jenerali Aitken (kamanda wa jeshi la Waingereza), Lettow-Vorbeck (aanze nje ya mji, anawasiliana kwa simu ya waya tu), mpiga simu ya waya, mkuu wa stesheni, liwali, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye ghala la mpunga, nahodha wa jahazi, mkuu wa kombania ya askari iliyoko mjini. Mpiga simu ya waya ndiye mwenye nguvu kuliko anavyoonekana. Kila taarifa inapita mkononi mwake, kwa hiyo mpe haja inayogongana na wakubwa zake.

Umbali: Ras Kasone waliposhukia Waingereza hadi mjini ni kama kilomita 3, sentimita 37 hivi kwenye ramani ya 1:8000. Barabara wazi ni dakika 40. Kwenye mashamba na kichaka kata mwendo nusu, inakuwa dakika 80, na vikosi vipotezane: kila hatua 5 refa arushe dadu, 9 na zaidi kikosi kinahama sentimita 1 pembeni bila kamanda kuambiwa. Reli kutoka Moshi ni kilomita 350 hivi. Ukiweka wastani wa 25 kwa saa, treni inachukua saa 14. Kwa hiyo Auracher akichelewesha kwa maneno, kila saa anayoipata ni mabehewa yanayosogea.

Nguvu: upande wa Aitken kama 8,000, wa Lettow kama 1,000 wakishafika wote. Msiogope tofauti hiyo. Anayeshambulia hajui idadi ya aliye mbele yake, na swali la Caulfeild lilikuwa kama bandari ina mabomu ya majini. Mwachieni Auracher ajibu atakavyo. Caulfeild akiamini yapo, kusafisha njia kunakula siku nzima.

#11 Mwanagati

Ahsante dada, nimepata pa kuanzia. Nyuki je? Wanatajwa kwenye kila simulizi ya vita vile. Nimpe mchezaji kama silaha yake?

#12 binti_Pangani

Usimpe mtu. Siku ya tarehe 4 waliwashambulia askari kwa sababu ya risasi, hakuna aliyewatuma. Weka alama nne kwenye ramani ya refa, eneo la miti mashariki ya mji. Kikosi chochote kikifyatuliana risasi ndani ya sentimita 1 ya alama, rusha dadu mbili: 9 na zaidi, vikosi vyote vilivyo ndani ya duara hilo, vya pande zote, vinarudi nyuma mita 80 na kupoteza hatua 3. Alama ikishatumika, ifute.

Na ukiandika kwenye ramani, andika *nyuki*. Usiandike *mizinga*, maana refa msaidizi ataisoma kama betri na kuanza kuhesabu masafa.